Mfalme George wa Muheza

Naomba niseme mwenyewe, maana jamaa yangu keshawasimulia kwa namna yake yaliyonikuta na picha ya duka arusini kwao Muheza, eti nililia. Sikulia. Ilikuwa pilipili ya kwenye kachumbari. Mengine yote aliyosema, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Ugonjwa wangu mnaujua: picha za zamani za maduka. Sizungumzii zile postikadi za akina Gomes, wapiga picha wa zamani wa Zanzibar, hizo zina wenyewe wenye pesa zao. Mimi nataka mangi kaegemea kaunta, debe la mafuta ya taa, mtoto katumwa chumvi na kikopo.

Basi Jumamosi niko Muheza, arusini kwao huyo jamaa, tunasubiri ubwabwa. Naingia sebuleni kunawa mikono, naiona ukutani. Nyeusi na nyeupe, kingo za meno-meno, kijana nyuma ya kaunta, mizani ya mawe, na rafu tupu kabisa. Nikaomba niitungue, nikatoka nayo barazani penye mwanga, nikachomoa lenzi mfukoni. (Ndiyo, naenda arusini na lenzi. Chekeni tu.)

Kijana mmoja akauliza, "Kaka, hiyo ya lini?"

Angeninyamazia tu! Nikasimama. "Tazameni rafu. Tupu. Huu ni mdororo ulioanza 1929, bei ya mkonge ikaporomoka, Tanga yote ikayumba. Tazameni mizani, hiyo ni ya enzi za ratili." Watu wakaanza kusogea. Nikanogewa. Nyuma ya kichwa cha mwenye duka palikuwa na fremu ndogo, uso umefifia, ila kasharubu kanaonekana. Nikashusha sauti. "Na huyu ukutani ni Mfalme George wa Tano. Alifariki Januari 1936. Kwa hiyo picha hii haivuki hapo."

Kimya. Mimi nikadhani kimya cha heshima.

Ningekaa hapo, leo tungekuwa tunaongea mengine. Lakini nikaongeza, "Na huyu mzee wetu mwenye duka, Mungu amrehemu popote alipo." Nikainua mikono. Nikafumba macho! Vijana wawili wenye adabu zao nao wakainua.

"Amina," ikajibu sauti nyuma yangu. "Ila popote nilipo ni hapa kwenye kiti."

Nikageuka. Kwanza nikaona kandambili. Halafu pindo la kanzu. Halafu bakora, na mikono miwili juu ya bakora. Shingo yangu ikagoma kupanda zaidi, nikailazimisha. Uso ule ule wa kwenye picha, umeongezewa mvi tu. Hata mwanya ule ule.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo ni themanini na tatu."

Akaeleza taratibu, kama mtu anayepima sukari robo. Ni wakati Waziri Mkuu Sokoine anawasaka wahujumu uchumi, wale wanaoficha bidhaa. Rafu ziko tupu kwa sababu sukari ilikuwa uvunguni na sabuni kazifukia kwenye migomba. Picha kapigwa makusudi, wakija awaonyeshe kwamba hana kitu. Mizani ni ya kurithi kwa baba yake. Meno-meno ni mkasi wa mpiga picha, aliokuwa nao tangu ukoloni.

"Na huyo mfalme wako," akanyoosha bakora mpaka ikagusa kioo, "ni Mwalimu."

Mwalimu Nyerere, jamani. Mimi niliyekaa miaka saba ya shule ya msingi chini ya picha ile ile, ananitazama nikikosea hesabu. Nikasogeza lenzi tena, labda atabadilika. Hakubadilika.

Waliocheka sikuwahesabu. Najua mpiga dogori aliweka ngoma chini. Ubwabwa nilikula nikitazama sinia, bibi arusi sikumwona, na stendi konda, sijui kaambiwa na nani, akaniambia, "Mfalme, kaa mbele."

Picha? Nimeruhusiwa kuipiga kwa simu. Ile yenyewe babu kasema ni yangu, ila nitaichukua siku akifa kweli. Akanipa na namba yake, eti niwe naulizia.