Jamani tuache kubandika sumaku kila jiwe jeusi

Juzi nimekaa kijiweni na madalali wa mawe hapa Arusha mjini, akaja dogo mmoja na jiwe jeusi ndani ya soksi, hajamaliza hata kusalimia mmoja wetu keshatoa sumaku ya spika imefungwa uzi, ikanasa tak! watu wote "kimondo hicho!" Nikaomba nilishike. Lina vitundu vitundu kama ndani ya andazi, na vitundu vile ni gesi ya volkano, yani lava ya huku huku kwetu, na imenasa kwa sababu ina magnetaiti, madini ya chuma ambayo hata mchanga mweusi wa makorongoni umejaa.

Nawaelewa lakini, kimondo tunachokijua wengi ni cha Mbozi na kile karibu chote ni chuma na nikeli kidogo, sumaku lazima ishike.

Ila kuna jiwe linaitwa NWA 7034, wenyewe wamelibatiza Black Beauty, gramu 320 tu, lilitoka jangwani Sahara likanunuliwa Morocco mwaka 2011. Ni la sayari ya Mars. Mawe ya Mars kwa kawaida wanayapanga makundi matatu, shagotaiti, naklaiti na chasinaiti, majina yametoka sehemu yalikoanguka, Shergotty kule India, Nakhla Misri na Chassigny Ufaransa, sasa hili likagoma kuingia kundi lolote. Lenyewe ni breksia, yani vipande vya mawe tofauti vilivyopondwa vikashikana, kama zege ambalo fundi kachanganya kokoto za machimbo yote: humo kuna madini ya feldispa, piroksini, apataiti, magnetaiti, na vipunje vidogo sana vya zirkoni vyenye miaka bilioni 4.4! Chuma na manganizi ndani ya piroksini vimekaa kwa uwiano ule ule wa mawe ya Mars, hapo ndo kwao pakajulikana, na maji yaliyofungwa ndani ya madini yake ni kama mara 10 ya mawe mengine ya huko. Ikabidi lifunguliwe kundi lake.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Mars zamani ilikuwa na usumaku wake kama dunia, baadae ukafa, na magnetaiti ikipoa huwa inatunza usumaku wa wakati ule, inakaa nao mabilioni ya miaka. Mwaka 2023 watafiti wakatoa majibu ya vipande vya jiwe hili walivyopima: kumbukumbu imefutwa, na iliyofuta ni sumaku za mkononi za watu waliokuwa wanahakiki kama ni kimondo. Sekunde moja tu ya tak.

Na sisi hatuna sababu kabisa, dalali wa Arusha anaigeuza tanzanaiti kwenye mwanga mara mbili anakwambia daraja lake, jicho tunalo! Angalia gamba, kimondo kilichoanguka karibuni kina ngozi nyeusi nyembamba ya kuungua, ndani rangi nyingine mara nyingi. Kina vitundu vingi? Achana nacho. Uzito je, kinazidi jiwe la saizi ile?

Dogo akaniuliza, "sasa bro nikipata jingine nifanyaje?" Nikamwambia lipige picha pale pale kabla hujaligusa, washa GPS ya simu uandike namba, usilioshe, lifunge kwenye foili. Akazichukua namba zangu, afu akamwomba yule mzee mwenye sumaku aiweke mbali na soksi yake, maana alikuwa na mawe mengine mawili ndani.