Mtajeni Kamoya Kimeu

Mhariri, makala yenu kuhusu Mvulana wa Turkana, mifupa ya mtoto wa kale iliyopatikana Kenya, imenifurahisha, lakini kuandika kwamba mifupa ile iligunduliwa na "timu ya Leakey", yaani ya mtafiti Richard Leakey, na kuishia hapo si haki. Aliyekiona kipande cha kwanza ni Kamoya Kimeu, mwaka 1984, kule Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kilikuwa kipande kidogo tu cha fuvu, rangi yake karibu sawa na ya changarawe zilizokizunguka. Wengi wetu tungekikanyaga tukapita. Kutokana na kipande hicho ndipo uchimbaji ukafukua karibu kiunzi kizima cha mtoto aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, mwenye miguu mirefu ya kutembea kama sisi.

Kamoya hakupitia chuo kikuu. Alianza kama kibarua wa kuchimba, akajifunza kwa macho na mikono hadi akawa anawaongoza watafutaji wenzake. Hata taya la Peninj, la kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lililopatikana kule Ziwa Natron, Tanzania, mwaka 1964, ni yeye aliyeliona. Alifariki 2022. Vijana wetu wanaosomea akiolojia wanastahili kulijua jina hili, nanyi mna nafasi ya kuirekebisha makala leo hii.