Poti Imefungwa

Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Kwetu "poti" ni moja tu: Mombasa, kontena zinakoshukia.

Jumatatu moja barua pepe zikagoma. Kuingia zinaingia, mpaka matangazo ya viatu. Kutoka, hakuna. Ankara kumi na nne zimepanga foleni ndani ya kompyuta kama malori pale nje. Nikazima ruta, nikaiwasha, nikaipiga kofi. Wapi!

Nikaipigia kampuni ya intaneti. Ndani simu haishiki vizuri, basi nikatoka kibarazani, kwa mama wa kikomando, madereva wamejaa na sahani zao za chapati na maharage.

"Poti 25, mlango wa kutokea barua pepe kwenye mtandao, tumeifunga," kijana akasema.

Laini inakatika, nami nikapaza sauti: "Poti mmeifunga? Tangu lini?"

"Ijumaa. Kompyuta zenye virusi zilikuwa zinapitishia huko barua taka. Sasa tumia 587."

"Aa, kumbe ni virusi!"

Dereva mmoja akaacha kutafuna. Mtu aliyelala hapa siku kadhaa mwaka 2020 akingoja kipimo cha Korona hahitaji kuelezwa zaidi.

Mimi huyo, ndani. Kwenye mipangilio ya seva ya kutuma nikafuta 25, nikaweka 587, nikachagua STARTTLS, ile ya kuficha mawasiliano yasisomwe njiani. Ikakataa. Nusu saa nahangaika, kumbe kuna kisanduku kidogo sijakitia alama: seva ya kutuma nayo inataka jina na nenosiri. Ile poti ya zamani ilikuwa haiulizi mtu. Nikatia alama, ankara zote kumi na nne zikachomoka. Nikajiona mhandisi.

Nikatoka kunywa chai ya ushindi. Kelele tupu! Dereva aliyekuwa anarudi Mombasa na lori tupu ameshalipia gesti wiki nzima. Wawili wanabishana kama ni Korona ileile au mpya. Mama wa kikomando, Mungu amsamehe, ameshapandisha bei.

Simu ikalia. Bosi, kutoka Kampala.

"Poti imefungwa tangu Ijumaa, wewe uko hapo hapo mpakani, na hata barua pepe moja hukunitumia?"

"Bosi," nikamwambia, "poti yenyewe iliyofungwa ndiyo hiyo ya barua pepe."

Kimya. Kisha akauliza: "Na ya Mombasa je?"