Ujumbe Ubaki Nje ya Darasa

Mtu mzima akiaga nyumbani kwamba anakwenda kujifunza kuandika hadithi, hakosi wa kumtania: "Umeanza ngumbaru?" Utani wenyewe una asili yake. Tangu Mwalimu Nyerere autangaze mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, masomo ya wakubwa hapa Tanzania yamejulikana zaidi kuwa ni ya mtu ambaye shule ilimpita. Wanaokuja Jumamosi kwenye darasa langu la uandishi wa hadithi shule haikuwapita. Imewakaa mno, na kazi yangu kubwa ni kuitoa.

Muulize mwanafunzi mpya anataka kuandika nini. Hatakutajia mtu wala mkasa. Atasema: malezi. Rushwa. Nafasi ya mwanamke katika jamii. Anayezungumza hapo ni kidato cha nne, hata kama mwenyewe ana wajukuu. Sekondari alifundishwa kuigawa riwaya mafungu mawili, fani na maudhui, kisha maudhui ayagawe tena: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo wa mwandishi. Kwa kujibu mtihani, sawa. Ila sasa anaandika kwa kufuata orodha ileile, anaanza na dhamira, halafu ndipo anatafuta watu wa kuibeba. Basi wanakuja walewale: baba mlevi, mama mvumilivu, binti aliyedanganywa na mwenye gari, mzee wa busara wa kufungia hadithi kwa methali. Ukifika aya ya pili umeshajua nani atakufa.

Mmoja wa wanafunzi wangu aliendesha malori miaka mingi, Dar mpaka Lubumbashi. Hadithi yake ya kwanza ilihusu madhara ya Ukimwi kwa madereva, na ilikuwa kavu kama bango la zahanati. Wakati wa chai akaanza kutusimulia foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo: malori yamelala barabarani siku nenda siku rudi, ugali unapikwa chini ya tela, utingo anamfulia dereva wake nguo huku akimwibia dizeli kidogo kidogo, na dereva anajua ila hasemi, kwa kuwa utingo naye anayajua ya dereva. Hakuna aliyekumbuka kwamba muda wa mapumziko umekwisha. Nilipomuuliza mbona hayo hakuyaandika, alishangaa: "Hayo si maongezi tu, mwalimu?"

Siku hizi nawataka wasimulie kwanza, simu ikirekodi, kisha waandike walichosikia, pamoja na pale waliporuka jambo wakalirudia. Ni kazi ya kuchosha, na wapo wanaoichukia. Lakini faida yake huonekana upesi kwenye mazungumzo ya wahusika. Katika rasimu ya kwanza ya dereva wetu, utingo alizungumza Kiswahili cha taarifa ya habari. Waliomkatalia ni wenzake darasani, si mimi. Nalo si jambo geni Afrika Mashariki. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipowasomea wanakijiji tamthilia yao ya Kikuyu, wakulima na wafanyakazi waliwasahihisha: mzee hasemi hivyo, hayo ni maneno ya kijana. Silijui darasa la uandishi lililokuwa bora kuliko lile, na mwanzo wake ulikuwa kisomo cha watu wazima. Ngumbaru hasa.

Pingamizi nalijua. Hadithi zetu, wataniambia, zimefundisha siku zote, toka ngano za bibi mpaka tenzi. Kweli kabisa. Lakini bibi hakuanza kwa kutangaza fundisho. Alianza na sungura mwenye njaa. Mwandike sungura na njaa yake. Kitabu kikija kuingia kwenye mtaala, wanafunzi watakuchimbulia dhamira saba ambazo hata wewe hukuzijua.

Wengine darasani kwangu wanafuata Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023. Sina neno. Pesa ni pesa, na tarehe ya mwisho ya kupokea miswada huwamalizisha kazi kuliko makemeo yangu.

Linalonishinda ni ndugu. Kijana huogopa kuchekwa. Mtu wa miaka hamsini huogopa kusomwa na wifi yake. "Akijiona humo je?" Nawashauri wabadili jina, wahamishe mji, duka walifanye gereji. Kuna wasioridhika na hilo, na wana haki, maana ukoo haumtambui mtu kwa duka lake. Kwa hiyo darasani tuna sharti: hakuna kupiga picha karatasi ya mwenzako, hakuna kutuma chochote kwenye magrupu ya WhatsApp. Mama mmoja anaandika kuhusu mirathi ya baba yake, sura baada ya sura, na ndiye mwandishi mzuri kuliko wote nilionao. Amesema kitabu hakitoki mpaka kaka yake mkubwa atangulie. Kaka, mpaka sasa, ana afya njema.