Mwacheni bibi ajibu mwenyewe

Siku ya kliniki ya presha na sukari mazungumzo huwa hivi. Bibi anaingia, kijana wake nyuma. "Shikamoo bibi." "Marahaba." "Dawa unameza?" Kijana anadakia: "Anameza, daktari." "Na chakula?" "Anakula vizuri tu." Presha imesoma 178 kwa 96. Daktari anaongeza dawa ya pili, anaandika kwenye daftari, anaita mwingine. Neno pekee lililotoka kinywani mwa bibi ni marahaba.

Tanzania tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na vituo vingi vina dirisha la wazee. Ni mambo mema, yasimamiwe kila kituo. Ila dirisha humvusha mzee foleni tu. Akishaingia ndani tunamsemea, na kwa maoni yangu hapo ndipo matibabu ya wazee wetu yanapoharibikia zaidi.

Bibi huyo angepewa nafasi, huenda angesema asubuhi hiyo hakumeza kitu. Alikatazwa kula ili apimwe sukari, akadhani na kidonge cha presha kimekatazwa. Kwa kawaida hakikatazwi: humezwa kwa maji kidogo kama siku zote, ila cha sukari ndicho kinachosubiri chakula. Au aliiacha dawa ya presha inayokojoza kwa sababu ndani ya daladala hakuna choo, na kujikojolea mbele za watu ni aibu ambayo hayuko tayari kuibeba. Presha ya siku ya kliniki basi ni ya mtu asiyemeza dawa, na dawa mpya inaongezwa juu ya ile ambayo haikumezwa.

Kuna pia goti. Binti anamwonea mama huruma, anapita duka la dawa, anamletea diklofenaki. Maumivu yanapungua, lakini dawa hiyo huzuia chumvi na maji mwilini, hupandisha presha, na ikikutana na dawa za presha kama enalapril au losartan pamoja na ile ya kukojoza, figo zinaweza kuumia. Kwenye daftari la kliniki haimo, kwa sababu nyumbani inaitwa "ya goti", na daktari aliuliza dawa za presha.

Kwenye sukari hatari iko karibu zaidi. Mzee anameza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, saa kumi na mbili asubuhi kwa chai ya rangi, halafu chakula kinasubiri mkamwana arudi sokoni. Kidonge hakisubiri. Mchana anatoka jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka, na watu wa nyumbani wanasema ni uzee, wengine wanataja mashetani. Pimeni sukari: ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, subirini dakika 15, pimeni tena, kisha ale. Kama hakuna kipimo, mpeni sukari hivyo hivyo. Asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali. Hata akizinduka apelekwe, maana dawa hii hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena. Wazee wengi wanaruka mlo kimyakimya ili wasionekane mzigo. Hilo halitasemwa mbele ya mwana anayetuma hela ya matumizi.

Kwa hiyo msindikizaji awe yule anayekiona chungu. Mwana wa mjini analipa, na Mungu ambariki, lakini anayemkabidhi bibi vidonge ni mjukuu wa miaka kumi na minne. Aje yeye, au apigiwe simu mkiwa mbele ya daktari. Na mkwe asipelekwe pale panapohitaji kuzungumzwa mkojo. Baba mkwe atakaa kimya hadi aondoke, na kimya hicho kitaandikwa "hana shida".

Kabla ya kutoka nyumbani kusanyeni kila kinachomezwa, cha hospitali, cha dukani, hata mizizi ya kuchemsha, mtie kwenye kikapu kimoja. Muulizeni bibi mambo matatu yanayomsumbua, myaandike kwa maneno yake. Ndani, yeye akae mbele ya daktari na msindikizaji nyuma ya bega lake. Kama hasikii vizuri, msipige kelele. Asemeshwe uso kwa uso, polepole. Kisha msindikizaji aombe kutoka dakika mbili tatu. Daktari mzuri hatashangaa, na mengi hutoka hapo.

Mwishoni msimuulize "Umeelewa?" Kwa heshima tu atasema ndiyo, mwanangu. Aulizwe, "Bibi, hii ukifika nyumbani utaimezaje?" Wapo wanaosoma 1x2 kwenye bahasha wakameza viwili kwa mpigo mmoja badala ya kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Na kabla ya dawa mpya kuandikwa, presha ipimwe sawasawa: awe ameshakojoa, ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umeegeshwa usawa wa moyo, nguo isiwe chini ya mkanda wa mashine, na asisemeshwe. Kisha asimame, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, kumwongezea dawa kunahitaji tahadhari kubwa, kwa sababu huyu ndiye anayeamka saa nane usiku kwenda choo cha uani, anapepesuka, anaanguka, nyonga inavunjika. Aulizwe kama akiinuka kitandani macho yanaingia giza. Kijana aliyelala chumba cha pili hawezi kumjibia hilo.