Afande akisimama, taa zinawaka

Ile video ya mimi, afande na trela yenye taa za disko kwenye kizuizi cha polisi mmeiona. Msijifanye hamjaiona, maana hata shangazi yangu, ambaye simu huitumia kupiga na kukata tu, kaipata kwa mtu na kunitumia akiuliza kama yule ni mimi.

Ni mimi, shangazi. Shikamoo.

Sasa, kwa kuwa Bwana Kamera (jina lake halisi nalihifadhi, ingawa hastahili) ameisambaza bila maelezo, na kwa kuwa mmeshaanza kuniita DJ, niacheni nijitetee kabla haijafika kazini. Imeshafika? Haya, nitajitetea hivyo hivyo.

Trela ilikuwa ya kuazima. Wazee waliposema nguo ya kuazima haisitiri matako, nadhani walikuwa wananiona mimi. Ilikuja na kutu mwili mzima, nami kwa ustaarabu wangu nikaona siwezi kumrudishia mtu kitu chake na sura ile. Nikaipiga msasa, nikaipaka rangi ya bluu inayong'aa, ilipokauka nikarudia tena. Nilipaka kila mahali brashi ilipofika. Nimesema kila mahali. Shikeni hilo.

Nyaya nilifunga mwenyewe. Plagi ya pini 7, ile inayounganisha taa za trela na gari, naijua kwa moyo: ya kwanza njano, indiketa ya kushoto, ya nne kijani, ya kulia, ya sita nyekundu, breki, ya tatu nyeupe, ethi, yaani njia ya umeme wote kurudi kwenye betri. Ndio mpangilio wa ISO 1724, kiwango cha kimataifa cha plagi hizo, kachunguzeni. Kila waya ulikaa kwenye pini yake. Ule mweupe, upande wa trela, nikaukaza kwa bolti kwenye fremu. Fremu ya bluu. Mpya. Inayong'aa.

Mafundi mliomo humu mmeshaanza kucheka. Wasubirini wenzenu.

Kwa wasio mafundi: rangi haipitishi umeme. Waya wangu wa ethi ulikuwa umefungwa vizuri kabisa kwenye kitu kisichoupeleka popote. Lakini nilipojaribu taa nyumbani ziliwaka zote! Naapa ziliwaka. Umeme ulikuwa umejitafutia njia ya uani: trela imelalia kile kichwa cha chuma cha nyuma ya gari, chuma kwa chuma, basi ukarudi kupitia hapo bila kunishirikisha. Nikaridhika. Halafu nikakipaka kichwa chenyewe grisi, ya kutosha, ili kisipige kelele njiani. Halafu nikapakia kabati lenye kioo, nikaliweka nyuma kabisa ya trela kwa sababu ndipo lilipoingia kirahisi. Mzigo mzito ukikaa nyuma ya ekseli, pua ya trela inakuwa nyepesi, inataka kunyanyuka, haikilalii tena kile kichwa sawasawa. Kwa hiyo ile njia ya uani nayo nikawa nimeibana kwa mikono yangu mwenyewe, kwa bidii na kwa nia njema.

Tukaondoka jioni. Bwana Kamera alikuwa na gari lake nyuma yangu, eti ananisindikiza kwa usalama. Nilimwona kwenye kioo anacheka. Nikadhani anasikiliza redio.

Basi, kizuizi cha polisi. Foleni ndefu. Afande mmoja mama mtu mzima, mtulivu, tochi mkononi, akanipungia niweke pembeni. Nikashusha kioo nikiwa na tabasamu la mtu mwenye nyaraka zote.

"Washa kushoto, kijana."

Nikawasha. Ndani ya gari nasikia tik-tik-tik. Afande akaenda nyuma. Kimya. Tik-tik-tik. Nikamwona kwenye kioo ameinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Umewasha kushoto?"

"Nimewasha afande."

"Mbona taa za breki za gari ndizo zinazokonyeza?"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

(Hapa niwaeleze, maana najua mtauliza. Ethi ikikosekana, umeme wa indiketa haukati tamaa. Unaingia kwenye taa ya jirani, unapita humo kinyumenyume, unarudi garini kwa waya wa breki. Kila taa inapata vijisenti vya umeme, hakuna inayoshiba.)

"Kanyaga breki."

Nikakanyaga. Sasa Bwana Kamera ameshatoka garini kwake, simu juu. Basi la abiria lililokuwa linapita likapunguza mwendo, vichwa vikatoka madirishani. Kwenye video ndipo mnaposikia sauti ya mtu akisema "weee". Taa nyekundu za trela, badala ya kuwaka zaidi, zikanywea. Za njano zikachungulia pande zote mbili, kwa aibu. Nimekanyaga breki, trela inasema haijui ielekee wapi.

"Achia. Kanyaga. Achia. Kanyaga tena."

Anafurahia, nikajisemea. Mama wa watu anafurahia.

Ndipo akasogea kati ya gari na trela aangalie plagi, akaweka mguu mmoja juu ya mkono wa trela, ile pua yenyewe, ili apite. Taa zikawaka. Zote. Nyekundu nyekundu kweli, indiketa inakonyeza kwa heshima, ndani ya zile mara 60 hadi 120 kwa dakika zinazotakiwa na kanuni za Umoja wa Mataifa. Basi zima likapiga makofi.

Afande akashusha mguu. Giza.

Akapanda tena, safari hii miguu yote miwili, akajishikilia kwenye kabati. Mwanga. Akashuka. Giza. Akapanda. Akanitazama kupitia dirisha la nyuma, tochi kifuani, amesimama juu ya trela ya bluu, na akasema yale maneno ambayo sasa baadhi yenu mmeyafanya mlio wa simu:

"Kijana, mimi nikisimama taa zinawaka. Nikishuka zinazima. Unataka nikusindikize hivi mpaka kwako?"

Nilijibu nini? Nilijibu, "Kama haitakusumbua, afande." Sijui kwa nini. Mdomo ulijiendea wenyewe.

Yaliyobaki ni mafupi. Adhabu nililipa, kiasi hakiwahusu. Tulifungua bolti, nikakwangua rangi mpaka chuma cheupe kikaonekana, nikarudisha waya, taa zikatulia. Kabati tukalisogeza mbele. Afande alikagua upya, akaridhika, kisha akamgeukia Bwana Kamera na kumwambia taa yake ya namba ya nyuma haiwaki. Kipande hicho amekikata. Mwulizeni amekipeleka wapi.

Na nyie mnaosema trela yangu haikuwa na kitu hata kimoja cha maana: riflekta zangu nyuma zilikuwa nyekundu, za pembetatu, ncha juu, kama Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usafiri wa barabarani unavyotaka kwa trela. Hakuna hata mmoja aliyeandika kuhusu riflekta zangu.

Trela nilimrudishia mwenye mali kesho yake asubuhi. Akaizunguka, akaisifia rangi sana. Akauliza tu ni nani huyo aliyeichubua pale kwenye bolti.