Sukari Iko Wapi?

Ukisoma fasihi ukafika uzamili, hadithi yenye mwisho huanza kukutia aibu. Sekondari tulipigiwa kelele kwamba hadithi ina mwanzo, kati na mwisho. Chuoni, kwenye kozi ya uandishi bunifu, ukiandika "wakaishi raha mustarehe", darasa zima linakutazama kama mtu aliyekuja semina na ndala za bafuni. Fasheni ni mwisho wazi. Mhusika unamwacha mguu mmoja ndani, mmoja nje. Msomaji atajijua mwenyewe.

Mimi nilikuwa fundi wa hayo mambo. Hadithi yangu ya semina ilimhusu Zuhura wa Tanga, ambaye mumewe aliaga jioni moja kwamba anakwenda dukani kununua sukari, akatokomea Mererani kwenye tanzanaiti miaka saba. Usiku mmoja, hodi. Zuhura anaitambua sauti. Anaweka mkono kwenye komeo. Hapo hapo nikaweka nukta, nikaitazama kwa mapenzi makubwa. Anafungua? Hafungui? Nilishaanza kuzipigia hesabu zile milioni 10 za mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ingawa mkononi nilikuwa na kurasa tisa tu za mwandiko.

Mwandiko, kwa sababu laptopu ilikufa kioo. Nikazipeleka kwa dada wa steshenari nje ya geti. Yule dada ameshachapa tasnifu nyingi kuliko alizosoma msimamizi wangu, na ikisiri anazijua kwa kichwa. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Karatasi zilipotoka kwenye printa zikiwa za moto, zamu yangu ya kusoma ilikuwa imeshafika. Nikakimbia nazo.

Nilisoma vizuri, niseme ukweli. Profesa alikuwepo, wenzangu, na mhadhiri mgeni kutoka Zanzibar. Nilipofika kwenye komeo nikashusha sauti, nikanyamaza, nikainua macho kupokea makofi.

"Endelea," akasema profesa. "Naona karatasi mbili zimebaki."

Nikatazama. Kweli, zilikuwepo.

Mtu wa uzamili hawezi kusimama mbele za watu akasema hajui kilichomo kwenye hadithi yake. Nikasoma:

"Zuhura akafungua. Hakumtazama usoni, alimtazama mikononi. 'Sukari iko wapi?'"

Darasa likaangua kicheko. Mgeni wa Zanzibar akavua miwani, akafuta macho. Nami nikacheka, ila changu kilikuwa kicheko cha mtu anayepata habari kwa mara ya kwanza. Nikaendelea kwa hamu kuliko wao wote. Kumbe Zuhura alikuwa na daftari! Ameandika kila kilo ya sukari aliyojinunulia miaka yote saba, na bei yake, na jinsi ilivyopaa kila Ramadhani. Anamsomea mume pale pale kizingitini, begi bado liko begani. Mara mama mkwe anatoka chumbani. Mume anavuta pumzi, mtetezi kaja. Bibi anamgeukia Zuhura: "Mwanangu, umeziruka zile kilo mbili za Idi."

Nilikuwa nimenogewa kiasi kwamba sikuona pa kufunga breki. Kwa sauti ile ile ya majonzi nikamalizia: "Tunachapa, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti na kutoa pesa mitandao yote."

Kimya. Kisha mwenzetu mmoja, ambaye tasnifu yake ni ya usasaleo, nadharia inayopenda hadithi zinazojisema zenyewe, akapiga meza: "Hapo! Hadithi inakiri yenyewe kwamba ni bidhaa!" Mwingine akapinga, akasema hiyo ni sauti ya soko lililompokonya Zuhura mume. Wakashikana mashati ya kinadharia. Profesa akaniuliza mimi nilikusudia nini. Nikamjibu kwamba Roland Barthes, yule mhakiki Mfaransa, alishatangaza kifo cha mwandishi tangu mwaka 1967, na maiti haihojiwi. Jibu hilo lilipendwa mno.

Maoni yakarudi kwa kalamu nyekundu: "Kurasa mbili za mwisho ni za mwandishi aliyekomaa. Tisa za mwanzo, punguza falsafa." Nikatoka na alama A mkononi na moshi puani, moja kwa moja mpaka steshenari.

"Dada, nani alikutuma uniongezee hadithi?"

"Jamani kaka angu, mimi nilijua ukurasa wa mwisho umeudondosha njiani! Nimekupigia, hupatikani. Mwanamke kashika komeo, basi, ndiyo imeisha hiyo? Nikasema huyu akifika huko watamfelisha, na ada keshalipa. Nikakuwekea ya shangazi yangu wa Muheza."

"Na tangazo?"

"Hilo linatokaga lenyewe kwenye kila kazi. Wenzako huwa wanalikata na mkasi." Akavuta kikokotoo. "Halafu ulilipia kurasa tisa. Zimetoka kumi na moja."

Nikalipa. Alikuwa bado ananitafutia chenji alipochomoa bahasha chini ya kaunta. Ndani ilikuwa sura ya nne ya tasnifu yangu, niliyomwachia aichape.

"Na hii," akasema, akiifunua huku ameshika kalamu, "umeandika matokeo ya utafiti, nimesoma mpaka chini, matokeo yenyewe siyaoni. Nikumalizie?"